Majira ya baridi Linxia: nani anaabudiwa, nani analishwa?

Mji wa Linxia uko katika jimbo la Gansu, kaskazini-magharibi ya China, kando ya Mto Daxia unaomwaga maji yake katika Mto Manjano. Zamani uliitwa Hezhou, na Waislamu wa nchi hiyo wameupa lakabu ya Makka Ndogo kwa wingi wa misikiti na wanazuoni wake. Humo wanaishi Wahui, yaani Waislamu ambao lugha yao ni Kichina, pamoja na Wadongxiang, Wabaoan na Wasalar, ambao nao ni Waislamu. Wanaishi pia Wahan, ambao ndio wengi katika China nzima na ambao sikukuu zao ndizo sikukuu za taifa. Mimi nilikuwa mwanafunzi wa udaktari katika mji wa Lanzhou, na mwanzoni mwa Januari 2006, mitihani ilipokwisha, mwenzangu wa darasani alinichukua kwao Linxia nikapumzike pamoja na familia yake. Nilikaa huko zaidi ya mwezi mmoja. Yale niliyojifunza katika nyumba ile ndiyo ninayoyategemea leo katika kulea watoto wangu.

Mtoto wa Tanga, ambaye baridi kali kuliko zote aliyoijua ni ya Lushoto mwezi wa Julai, hawezi kuikadiria baridi ya Linxia. Maji yaliyosahauliwa uani usiku yalikutwa jiwe asubuhi. Tulilala juu ya kang, kitanda kipana cha matofali kinachowashiwa moto chini yake, na bibi wa nyumba ile alilala upande wa moto kwa heshima ya umri wake. Kila alfajiri yeye ndiye aliyetangulia kuamka, akachemsha maji na kuyatia katika birika lenye mdomo mrefu ambalo halikosekani katika nyumba ya Mhui, kisha akatuita mmoja mmoja tutawadhe. Sote tumesoma fadhila ya kuutimiza udhu wakati wa mashaka. Kwangu mimi somo lile lilikuwa la kitabuni mpaka nilipomwona mwanamke wa miaka zaidi ya sabini akiosha miguu yake kwa utulivu ilhali theluji imeezeka paa la jirani.

Sikukuu nyingi za Wachina zimekusanyika katika majira hayo ya baridi, na sababu yake ni wazi. Ardhi imeganda, mkulima hana kazi shambani, na ghala lina mavuno. Kwa hiyo Mwislamu anayeishi miongoni mwao hupita katika mlolongo wa sherehe ambazo si zake, huku watoto wake wakichungulia madirishani. Hapo ndipo ilipo kazi ya mzazi. Bibi yule alikuwa na maneno machache aliyoyarudia kila sherehe ilipokaribia, naye mjukuu wake akanitafsiria: "Tuulize kwanza nani anaabudiwa. Kisha tuulize nani analishwa." Palipokuwa na anayeabudiwa asiye Mwenyezi Mungu, familia ile haikutia mguu. Palipokuwa na watu wanaolishana tu na kupashana joto, waliingia, lakini kwa sufuria yao wenyewe.

Sherehe ya kwanza ni siku ambayo mchana ni mfupi kuliko siku zote za mwaka, nayo huangukia tarehe 21, 22 au 23 Desemba. Kuanzia siku hiyo Wachina huhesabu siku tisa mara tisa, yaani siku 81, mpaka baridi iishe. Watu wa kaskazini hula jiaozi, vibunda vya unga vilivyojazwa nyama, vinavyofanana na sambusa ndogo lakini huchemshwa badala ya kukaangwa. Husimuliwa kwamba tabibu wa kale, Zhang Zhongjing, aliwapikia maskini ambao masikio yao yameumia kwa baridi, akafunga nyama ya kondoo na dawa za miti ndani ya unga, na ndiyo maana umbo la jiaozi ni la sikio. Sisi wanafunzi wa udaktari tuliipenda hadithi hiyo. Wahui hawaoni tatizo katika chakula hicho. Hapana ibada ndani yake, na nyama ya kondoo ni yao tangu jadi. Jikoni kwa Mhui utaona neno moja limeandikwa juu ya mlango au juu ya chombo: qingzhen, lenye maana ya safi na kweli. Hilo ndilo neno lao la halali.

Haikuwa hivyo katika siku ya nane ya mwezi wa kumi na mbili wa Kichina, wala siku ya ishirini na tatu. Siku ya nane majirani hupika uji wa nafaka na kunde, na mila hiyo imefungamana na ukumbusho wa Buddha. Siku ya ishirini na tatu baadhi yao huaga mungu wa jikoni. Huipaka picha yake kitu kitamu mdomoni ili akaseme mema ya nyumba yao huko mbinguni, kisha huichoma. Bibi hakucheka wala hakukashifu. Siku zile mlango wake ulikuwa umefungwa kwa adabu, na watoto wa nyumba waliambiwa sababu yake kwa sauti ya chini ili jirani asiumie.

Mwaka ule Mwenyezi Mungu alitukadiria jambo la ajabu. Kalenda ya Kichina hufuata mwezi kama yetu, ila wao huongeza mwezi wa kumi na tatu kila baada ya miaka miwili au mitatu ili sikukuu zao zisihame majira, ilhali yetu huzunguka misimu yote katika miaka 33 hivi. Mwaka 2006 ulipokuwa unakaribia kuanza na ulipoanza, mwezi wao wa kumi na mbili na Mfunguo Tatu wetu viliandama karibu siku moja. Hivyo Idi ya kuchinja ilitukuta katikati ya maandalizi ya mwaka wao mpya, na mji mzima ulikuwa jikoni.

Usiku wa kuamkia Idi wanawake walikaanga youxiang. Ni mkate wa duara wenye mkato katikati, ambao harufu yake ya mafuta hujaza mtaa. Mkono unaokanda unga ule lazima uwe na udhu, na mkandaji ni mama mzima anayeheshimiwa. Haung'atwi mzima, hukatwa vipande kwa mkono, ukagawanywa. Asubuhi, baada ya swala na kuchinja, nilitumwa pamoja na mwenzangu kupeleka sahani kwa majirani, wakiwamo Wahan wa upande wa pili wa ukuta. Watoto walipewa noti mpya. Pesa ya sadaka inayotolewa msikitini huitwa nietie, na niliposikia asili yake nilistaajabu: ni neno letu lile lile, nia. Kwa Wahui, anayetoa sadaka anatoa nia.

Usiku wa tarehe 28 Januari ukaingia mwaka mpya wa Kichina. Fataki zililia mpaka nikaziba masikio. Milango ya Wahan ilikuwa na karatasi nyekundu zenye maneno ya heri. Sebuleni kwa Bibi palikuwa pametundikwa Bismillahi iliyoandikwa kwa brashi na wino, herufi za Kiarabu zikipinda kwa mtindo wa waandishi wa Kichina. Haikubanduliwa wala haikuongezewa kitu. Asubuhi mzee wa Kihan aliyepokea youxiang siku ya Idi aligonga mlango. Alileta machungwa yasiyomenywa na pakiti ya majani ya chai iliyofungwa, kwa kuwa alijua kwamba chakula cha sufuria yake hakiliwi katika nyumba hii. Hakuna aliyemfundisha siku ile. Alifundishwa na miaka mingi ya ujirani. Bibi akamkaribisha chai ya Linxia yenye tende za Kichina, zabibu kavu na sukari ya mawe, wakaulizana habari za magoti yao.

Siku mbili hivi baada ya mwaka wao kuanza ukaandama Mfunguo Nne, mwaka wetu wa 1427. Siku ya Ashura wakubwa walifunga, na jioni wanawake wa Kihui walipika uji mzito wa nafaka na kunde, wakiwasimulia watoto habari za Nabii Nuhu (a.s.) na safina yake. Masimulizi yanayouhusisha uji huo na safina hayana sanadi thabiti kwa wanazuoni. Lakini niliona hekima ya akina mama wale. Mtoto aliyeunusa uji wa jirani kwa mwezi mzima alipewa bakuli lake mwenyewe, na pamoja nalo kisa cha Mtume.

Jioni ile Bibi alinisimulia habari za ujana wake. Kati ya 1966 na 1976, wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni, misikiti ilifungwa, mingine ikabomolewa, na vitabu vikachomwa. Yeye aliwafundisha wanawe Suratul Fatiha huku akikanda unga, midomo ikicheza bila sauti. Mpaka nilipomjua hakuweza kusoma Kichina kwa alama zake, lakini aliweza kukisoma kikiandikwa kwa herufi za Kiarabu, maandishi yaitwayo xiao'erjing. Niliposhika daftari lake nilimkumbuka babu yangu, ambaye barua zake za Kiswahili aliziandika kwa herufi zizo hizo. Watu wawili wasiojuana, mmoja pwani na mmoja penye theluji, waliihifadhi lugha ya mama zao ndani ya hati ya Qur'ani.

Katika miaka ya karibuni maandishi ya Kiarabu yameondolewa katika mabango ya mikahawa mingi huko, kuba za misikiti zimeshushwa, na watoto wanazuiwa kusoma madrasa za misikitini. Bibi ameshatangulia mbele ya haki. Ninapozisikia habari hizo hunijia picha ya mikono yake ndani ya unga, nami hujiambia kwamba kilichofundishwa jikoni hakina bango la kuondolewa.

Ndugu msomaji, sisi wa pwani tuna misikiti iliyo wazi, adhana inayosikika na madrasa kila mtaa, na bado huona uzito mwezi wa Desemba watoto wanapouliza kuhusu sherehe za majirani na wenzao wa shule. Nyumbani kwangu nimelichukua swali la Bibi kama lilivyo. Palipo na ibada isiyo yetu, tunabaki kwetu na kuwaeleza watoto sababu, bila dhihaka. Palipo na jirani mgonjwa, mfiwa au mwenye njaa, hatuulizi ni msimu gani. Na Idi yetu inapofika, sahani ya kwanza hutoka mlangoni mikononi mwa watoto wenyewe, ili wajue kwamba dini yao ni kitu cha kupeleka, si kitu cha kuficha.

Mwenyezi Mungu amrehemu Bibi yule na wote waliotutangulia katika imani, awahifadhi ndugu zetu wa Linxia, na azijaalie nyumba zetu kuwa madrasa ya kwanza ya watoto wetu. Amin.