TAA YA KUJIFICHIA

Mtu akitaka kujificha hufanya nini? Huzima taa. Hata sisi wa bwenini, mwalimu wa zamu akikohoa tu huko nje, tochi zote zimezimwa. Basi nilipoambiwa kuna samaki awashaye taa ili asionekane, niliguna. Mwenzangu mmoja akanichokoza: ati jambo kama hilo halielezeki kwa Kiswahili, mimi nibaki na mashairi yangu tu. Haya, nisikilizeni.

Tuteremke baharini, mita 200 hadi 1,000 chini ya uso wa maji. Huko mwanga wa jua haujaisha kabisa. Umebaki hafifu, wa buluu, nao watoka juu tu. Maadui wengi huvizia kutoka chini, macho juu. Samaki akipita huukinga mwanga ule, na umbo lake huonekana jeusi tititi, kama mwewe angani. Kumbe weusi wake ndio unaomsaliti!

Sasa mtazame samaki-shoka. Ni mdogo, mwembamba kama bapa la shoka, na tumboni ana safu za vijitaa vinavyoelekea chini. Hutoa mwanga wa buluu ufananao na ule wa juu. Aliye chini akiinua macho haoni kivuli. Aona bahari tupu. Lakini kazi hii si mchezo. Taa ikizidi ukali, ameonekana, ikipungua, ameonekana. Ndiyo maana wako ngisi wa kilindini ambao mwanga wa juu ukififia, nao hufifisha wao papo hapo. Je, mpaka hapa nimekwama neno?

Huko Hawaii, kwenye maji ya kina kifupi, yuko kijingisi ambaye taa si yake. Amewapangisha bakteria mwilini. Yeye huwalisha, wao humwangazia usiku afanane na mbalamwezi. Kila alfajiri huwatimua takribani asilimia 95, na waliobaki huzaana upya hadi jioni. (Mwenye nyumba gani huyo, jamani!)

Binadamu naye alijaribu. Mwaka wa 1943 jeshi la wanamaji la Marekani lilifunga taa mbele ya ndege aina ya Avenger, zikilinganishwa na mwangaza wa anga. Ndege iliyoonekana kutoka kilomita 19 ikawa haionekani mpaka ikaribie kama kilomita 3. Hata hivyo mpango uliachwa, kwani rada haidanganywi na taa.