Kigoda cha Bibi Yake

Niliiba. Kwa muda mrefu nilisema "niliazima," kisha nikasema "niliboresha," na siku moja nikathubutu kusema nilikuwa namsaidia mtoto wa watu. Niliiba.

Sisi waandishi wachache wa Birongo na vijiji jirani tulizoea kutumiana miswada kwa simu. Msahihishaji nilikuwa mimi, kwa kuwa nilifundisha Kiswahili mpaka nikastaafu. Msichana mmoja akanitumia tamthilia juu ya nabii wetu Moraa na shujaa Otenyo, aliyemchoma mkuki ofisa Mwingereza, Geoffry Northcote, Januari 1908. Kisa hicho kila Mgusii anakijua. Lakini katika mswada ule Moraa, akiisha kuwakaripia vijana, anakipindua kigoda chake miguu juu, anaondoka bila neno. Hapo nilisimama kusoma. Sijapata kuona hasira ya mwanamke mzee ikiandikwa vizuri hivyo.

Baada ya miezi michache shule moja ikanitaka niiandikie mchezo wa tamasha la drama. Siku zilikuwa chache. Nikalichukua onyesho la kigoda, nikabadilisha maneno mawili matatu, nikaweka jina langu juu, nikala pesa.

Msichana yule alikuwa ukumbini siku ya mashindano. Alinisubiri mlangoni.

"Mwalimu, kile kigoda ni cha bibi yangu. Akikasirika alikuwa anakipindua asikalie mtu mpaka arudi."

Nikamjibu kwamba Moraa ni wa Abagusii wote, tena miye ndiye niliyemnyooshea sentensi. Kisha nikamuuliza, na hili ndilo linaloniuma kuliko wizi wenyewe: "Kwani umeisajili?"

Akanyamaza, akaenda kupanda matatu.

Nilijua ninachosema si kweli. Nilikuwa nimewahi kuisoma Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001. Historia haina mwenyewe: 1908, mkuki, Moraa, yeyote aandike. Linalolindwa ni namna mtu alivyolisimulia jambo, na ulinzi huo huanza pale anapoliandika, awe ameliandikisha kwenye Bodi ya Hakimiliki au hajaliandikisha. Unadumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Kunakili, kugeuza, kuonyesha mbele ya umma, yote yalihitaji ruhusa yake. Na kusahihisha hakukunifanya mwandishi mwenza. Nilimwekea alama za mkato tu, ambazo mwalimu yeyote angeweka. Hata ningemlipa, haki ya kutajwa jina ingebaki yake.

Sheria niliijua, ila yeye sikumwona kama mwandishi. Nilimwona mwanafunzi, na kazi ya mwanafunzi nilizoea kuishika kalamu nyekundu mkononi kama mali yangu. Kama mswada ule ungetoka kwa mwandishi mwenye vitabu madukani, ningepiga simu kuomba ruhusa.

Kikundi chetu sasa kina mwongozo wa ukurasa mmoja, na niliomba niuandike mimi. Mswada hautoki kwetu bila idhini ya maandishi ya mwenyewe. Kila ukurasa una jina na tarehe. Anayenukuu kwa uhakiki anataja mwandishi. Masimulizi ya wazee ni ya jamii, basi aliyeyapokea aseme kayapata kwa nani. Wenzangu walitaka kuongeza mengine; nikasisitiza tuanze na haya, kwa sababu haya ndiyo niliyovunja.

Nilikwenda nyumbani kwa msichana yule na malipo yote niliyopokea pamoja na barua ya kwenda kwa shule ile. Mama yake alinipa chai. Msichana akaisoma barua polepole. Nilikuwa nimeandika kwamba onyesho lile "lilitungwa nami kwa msaada wake." Akaniomba kalamu, akayakata maneno hayo, akaandika juu yake: "lilitungwa na," likafuata jina lake na jina la bibi yake.

Nikatia sahihi chini.