Habari za Vidole



Mimi ni karani wa parokia huku milimani Buha, baina ya Kasulu na Kibondo. Nilisomea ualimu, lakini kazi niliyo nayo ni ya madaftari: nani kabatizwa, nani kaoa, nani kafariki, nani hajalipa zaka. Gazeti hunifikia likiwa limepitia mikono mingi, na mara nyingine limekwisha kufungia sukari, hata hivyo nalisoma lote. Na katika kusoma kwangu nimeona jambo moja: habari kubwa za wataalamu, ukizichambua vizuri, nyingi zahusu vidole.

Chukua ile iliyotokea hapa hapa mkoani kwetu. Mwezi wa Julai mwaka 1960 msichana wa Kiingereza, Bibi Jane Goodall, alishuka ufukweni Gombe, kaskazini ya mji wa Kigoma. Alikuwa na miaka 26. Alifuatana na mama yake, maana wakubwa wa serikali ya siku zile hawakutaka mwanamke akae porini peke yake. Mwezi wa Novemba mwaka ule ule alimwona sokwe dume, ambaye alimpa jina la David Greybeard, ameketi penye kichuguu. Sokwe yule alitia jani la nyasi katika tundu, akangoja kidogo, akalitoa limejaa mchwa, akawapitisha mdomoni. Baadaye alionekana akichuma kijiti na kukipukuchua majani kwanza ili kiingie vizuri. Basi, ikawa kishindo ulimwenguni. Wataalamu walikuwa wameandika vitabuni kwamba mtu peke yake ndiye atengenezaye chombo cha kazi. Habari ilipomfikia Dakta Louis Leakey, ambaye alikuwa amemtuma Bibi huyo Gombe, alisema sasa hapana budi kubadili maana ya chombo, au maana ya mtu, au kuwakubali sokwe kuwa watu.

Bibi Goodall alifariki tarehe 1 Oktoba 2025, mwenye miaka 91, na magazeti yakaisimulia habari hiyo upya. Mzee mmoja wa hapa, niliyemsomea, alisikiliza mpaka mwisho akauliza, "Na huo ndio ugunduzi?" Maana huku mtoto yeyote aliyechunga mbuzi ajua kwamba ukitia unyasi kichuguuni, mchwa askari ataung'ata wala hauachii. Hakuna aliyempelekea Leakey salamu juu ya hilo. Lakini nilimjibu mzee: sisi tulijua habari za mchwa, yeye alijua habari za sokwe. Sisi tukimwona sokwe twamfukuza shambani. Yeye aliketi miezi akimtazama tu, akinyeshewa, akiugua homa. Nani kati yetu angekubali kazi hiyo, tena bila posho?

Sasa tuje kwenye vidole vyetu wenyewe, maana ndiko nilikotaka kufika.

Zamani dole gumba lilikuwa aibu. Mtu asiyejua kuandika aliletewa kidau cha wino, akachovya, akagandamiza penye karatasi, na wote waliosimama pale wakajua. Ndiyo maana mwaka 1970, Mwalimu Nyerere alipoutangaza kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, wazee walikwenda darasani jioni baada ya kulima. Bibi yangu mzaa mama alikwenda na mtoto mgongoni na kibao mkononi. Alinisimulia kwamba siku ya kwanza kuandika jina lake alililima kama tuta, herufi kubwa kama viazi, kisha akaogopa kulifuta. Ilipofika mwaka 1986 Serikali ilihesabu kwamba watu wazima wasiojua kusoma hawafiki 10 kwa kila 100. Si haba! Taifa zima limetoka kwenye dole gumba likaingia kwenye kalamu.

Basi wataalamu wakaturudisha kwenye dole gumba.

Sisemi kwamba jambo hili halina akili. Mistari ya kidole haifanani kwa watu wawili, nayo haibadiliki tangu utoto. Mwingereza mmoja wa utawala wa India, William Herschel, aliona faida yake tangu mwaka 1858, alipomtia mzabuni mmoja wa Bengal kiganja kizima katika mkataba ili asije akakana. Mwaka 1892 Francis Galton akalitungia kitabu. Polisi wakalipenda. Na kwetu, tarehe 1 Mei 2019, ikaanza amri ya kusajili upya laini zote za simu kwa alama za vidole, pamoja na namba ya kitambulisho cha taifa, yaani ile ya NIDA yenye tarakimu 20. Mwisho uliwekwa 31 Desemba 2019. Karibu na siku hiyo Rais Magufuli alisajili laini yake kwao Chato, akaongeza siku 20, mpaka tarehe 20 Januari 2020.

Desemba na Januari! Waheshimiwa waliopanga tarehe hizo naona wanakula mahindi ya dukani. Huku mvua hunyesha tangu Oktoba, na miezi hiyo kila mtu mwenye mikono yuko shambani. Na mikono yenyewe ndiyo kiini cha maneno. Mistari ya kidole si chapa ya chuma, ni ngozi. Mpini wa jembe huilainisha kama jiwe la kunolea. Maji ya kulowekea muhogo huibabua. Udongo wa matofali, saruji, jivu la kuoshea vyungu, vyote huila, na uzee nao huikausha ikapasuka. Kitambo kile cha wakala kina kioo kidogo. Unabonyeza kidole, nacho chatazama mabonde na matuta ya ngozi. Kisipoona tuta chasema mtu huyu simjui. Karani wa mjini, ambaye jembe lake ni kalamu, husomwa mara moja. Mimi nilisomwa mara moja, nikaona haya mbele ya wazee waliokuwa nyuma yangu.

Dawa nazo hazikukosa. Huyu aliambiwa anawe kwa sabuni, yule asugue ndimu. Mama mmoja alipaka mawese, akaacha kioo cha wakala kimekuwa cha manjano, na watu kumi waliofuata hawakusomeka hata mmoja. Wakala mwingine, kijana mpole kabisa, aliwaambia wazee, "Nendeni mkapumzishe vidole wiki mbili, msishike jembe." Wazee walimtazama. Mmoja akamwuliza kama maharage nayo yatapumzika.

Na kabla ya kidole kuna ile namba. Sisi tunaokaa karibu na mpaka tuna mzigo wetu. Kiha na Kirundi ni ndugu wa tumbo moja. Ukimsikia bibi wa Heru Juu akimwita kuku wake, mgeni wa kutoka mbali hawezi kujua ni mtu wa upande gani. Basi mtu wa hapa, aliyezaliwa hapa na kuzikia wazazi wake hapa, huulizwa maswali ambayo mtu wa Dodoma haulizwi: babu yako amezikwa wapi, jina la mtemi wenu nani, mlihama mwaka gani. Sikatai kwamba lazima kuuliza, maana tumepokea wakimbizi mara nyingi na kambi twazijua. Lakini swali lilimkuta mtu asiye na karatasi. Hapo ndipo walipokumbuka daftari letu la ubatizo. Miezi ile nilifungua vitabu ambavyo panya peke yake ndiye aliyekuwa msomaji wake. Maandishi ya mapadre wa zamani yamelala upande kama majani ya mgomba penye upepo: jina la mtoto, jina la baba, kijiji, msimamizi. Watu walisimama mlangoni tangu alfajiri, na Waprotestanti wawili walikuja kuuliza kama tunaweza kuwatafutia nafasi humo.

Tuliambiwa faida yake ni kukomesha wezi wa simu. Ninyi nyote mwajua ule ujumbe: ile pesa tuma kwenye namba hii, jina litakuja la fulani. Tangu pesa za simu zilipoanza nchini kwetu mwaka 2008, wezi nao walianza. Sawa, tumesajili. Nami baada ya kusajiliwa nimepata ujumbe ule ule, kutoka kwa mtu ambaye bila shaka ana kidole kilichosomeka vizuri sana. Nimewaza juu yake mara nyingi. Mwizi halimi, hakandi udongo, haloweki muhogo. Mistari yake yote ipo. Kama mashine hii ingekuwa na kazi ya kutafuta waaminifu, ningeishauri ichukue wale iliowakataa.

Jambo dogo pembeni. Mwaka 2023, mwezi wa Machi, vijana walinionyesha katika simu picha ya Baba Mtakatifu Fransisko amevaa koti jeupe limevimba kama godoro, msalaba umening'inia kifuani. Katekista mmoja alitaka kujua koti hilo lauzwa bei gani. Kumbe picha haikupigwa na mtu. Ilitungwa na kompyuta, kwa programu iitwayo Midjourney, na Baba Mtakatifu mwenyewe aligusia kisa hiki katika ujumbe wake wa Siku ya Upashanaji Habari ya mwaka 2024, akisema naye yamempata. Wenye macho makali waligundua uwongo ule kwa nini? Kwa vidole. Mkono wake ulioshika kikombe ulikuwa haukuumbika vizuri. Mashine iliweza koti, ikaweza uso, ikashindwa mkono. Siku hizi zimejifunza, na vidole huvichora vitano vitano bila kukosa. Kwa hiyo mashine imekwisha kujua kutengeneza kidole kisichokuwapo, na cha bibi aliyepo bado yashindwa kukisoma.

Bibi huyo ni nani? Ni mjane wa kigango kimoja cha kwetu, miaka yake yapata 75, jina lake naliweka mfukoni. Januari ile ya 2020 alikataliwa mara tatu na mashine, siku za mwisho zikakaribia, na mjukuu wake wa kiume, kijana mwema, akasema, "Bibi, tusajili kwa jina langu, yaishe." Wengi walifanya hivyo. Yakaisha kweli. Miaka miwili simu ililia, hela ndogo ndogo ziliingia kutoka kwa binti yake aliyeko Mwanza, sabuni ikanunuliwa, chumvi ikanunuliwa.

Kisha macho yake yakaingia ukungu. Binti akajikusuru, akatuma shilingi 120,000 za kupasuliwa jicho. Bibi, kwa kuwa haoni vizuri, akabonyeza namba ya siri vibaya, mara moja, mara mbili, mara ya tatu, na fedha zikafungwa. Kwenda kwa wakala, wakala asema, "Mwenye laini aje na kidole chake." Bibi akanyosha mkono. "Si wewe, bibi. Mwenye laini." Mwenye laini alikuwa Mpanda, katika machimbo ya dhahabu.

Alikuja ofisini kwangu akiongozwa na mtoto, akaketi, akaniuliza neno ambalo sijapata kulijibu mpaka leo. "Karani, hela za mwanangu, simu yangu, jicho langu. Yeye mjukuu wangu ni nani hapa?" Kwa karatasi, mjukuu ndiye alikuwa kila kitu. Kama angekuwa kijana wa tabia nyingine, angeweza kuzitoa zote na kunywea pombe, na hakuna baraza ambalo lingemkuta na hatia kwa urahisi. Nilimpigia simu. Alipanda basi, akafika amejaa vumbi, akaweka kidole juu ya kioo muda wa kupiga chafya moja, fedha zikafunguka. Nauli ya kuja na kurudi ilitoka katika fedha zile zile za jicho, pamoja na posho ya siku alizokosa kazi. Kilichobaki hakikutosha. Jicho lilingoja miezi mitano mingine, mpaka maharage yalipouzwa.

Aliporudi kutoka hospitali anaona, jambo la kwanza alilotaka ni laini kwa jina lake mwenyewe. Tulikwenda pamoja mwaka 2023. Dole gumba likakataa, la kulia na la kushoto. Cha shahada kikakataa, cha kati kikakataa, na foleni nyuma yetu ikaanza kukohoa. Yule wakala, Mungu ambariki, hakuwa na haraka. Alijaribu kimoja kimoja mpaka akafika kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, kile kidogo, ambacho katika kushika jembe hubaki nje kama mgeni asiyekaribishwa. Kikasomeka. Jina lake likatokea lote kiooni, la ubatizo na la ukoo, akalisoma mwenyewe kwa sauti.

Tangu siku hiyo bibi hulima kidole hicho amekifunga kitambaa. Akikanda unga hukiinua juu. Jumapili wakati wa kupeana amani hutoa mkono wa kulia tu, na wa kushoto huuficha ndani ya kanga.