Ukoo Wangu Kesses

Jumamosi, 9 Septemba 2023. Kesses

Baridi gani hii. Nimelala na koti, na soksi mbili mbili. Wenzangu wa chumba hapa chuoni, wote wawili, ni wa Bomet. Watu wazuri, ila wakianza lugha yao nabaki kutazama dari. Mmoja kaniuliza, "Wewe Mganda?" Nikamwambia natoka Malaba, upande huu. "Si ni huko huko tu?" Nikacheka. Nilichekea nini?

Jumanne, 12 Septemba

Tangazo mlangoni pa mesi: wanafunzi wa Teso wote, Ijumaa jioni, kuwakaribisha wapya. Siendi. Vyama vya kikabila ndivyo vinavyogeuza kura za wanafunzi kuwa hesabu ya makabila, na tangu sekondari nimelipinga jambo hilo kwa mdomo mpana. Halafu Kiteso changu chenyewe! Naelewa vyote, najibu kwa Kiswahili. Tata, bibi yangu, huniita mtoto wa kituo cha mabasi.

Ijumaa, 15 Septemba, usiku

Nimeenda. Walisema kutakuwa na pilau.

Unasimama, unataja jina, kwenu, na ateker yako, yaani ukoo. Kwa jina sikubabaika. Kwenu: nikasema Angurai, si Malaba. Sauti ikatoka nyuma, "Angurai ya sokoni au ya huko kwenye mawe?" Karibu nimkumbatie mtu nisiyemjua. Ateker: Ikomolo. Hapo wakainuka watu, mikono, "Yoga! Yoga!", nami nawasalimu mmoja mmoja kama bwana harusi.

Kati yao yule wa uhasibu, mwenye mwanya. Yule ambaye tangu aingie nilikuwa nasogeza kiti polepole kuelekea kwake. Ikomolo! Basi ni dada. Hakuna mjadala, hatuoani, na hata kumtazama vile nilivyomtazama sijui kama inaruhusiwa. Akaniuliza kwa heshima kabisa kama nimeshiba. Ndiyo, dada.

Kujiunga ni mia mbili. Nimetoa mia, nyingine nadaiwa.

Jumatano, 27 Septemba

Homa tangu Jumapili. Maji hosteli hakuna. Dada amekuja na uji wa wimbi kwenye chupa ya chai, akamtuma mmoja wa Bomet dawa, naye akaenda mbio. Mimi angenijibu ana kipindi.

Ila kikundi cha WhatsApp kinanichosha. Mmoja wetu wa Chakol amefiwa, sawa, tuchange. Lakini katibu anaanika majina ya ambao hawajatoa, asubuhi na jioni! Karo yenyewe bado sijaelewa huu mfumo mpya wa ufadhili umeniweka kundi gani. Nimetuma hamsini, kwa hasira. Jina likafutwa. Nikajisikia vizuri, hilo nalo likaniudhi.

Jumamosi, 21 Oktoba. Angurai

Tulifika jana, Siku ya Mashujaa, usiku, sisi wa chama, tumebanana kwenye matatu moja, kutembelea shule ya huku. Malaba malori yamejipanga mpaka basi. Toto, mama yangu, alikuwa na atapa, ugali wetu wa wimbi, na kuku watatu. Watatu! Mimi nikija peke yangu ni mboga. Chungu cha ajono, pombe yetu, kikatolewa, mwenyekiti wa chama akakataa, eti asubuhi tunaongea na watahiniwa. Wazee wakamwangalia tu. Baadaye nilimwona na mrija.

Tata alimshika dada, akamhoji babu, babu wa babu, mpaka wakafika Tororo. Kumbe wazee wawili, mmoja akabaki huko, mwingine akavuka kutafuta malisho, mpaka wenyewe ulikuwa haujachorwa. Dada anatafsiri polepole ili nami nipate. Nyumbani kwetu, natafsiriwa!

Shuleni leo nimeongea kwa Kiswahili, hakuna aliyenicheka. Kidato cha nne mmoja aliuliza kama ni kweli chuoni mtu hulala mpaka saa nne. Mwenyekiti akanyakua kipaza sauti.

Sasa wanapanda gari la kurudi Kesses, mimi nafuata Jumatatu. Tata kaniita pembeni. Yule wa blauzi ya kijani, wa Amukura, ameshamuuliza: ni Irarak. "Huyo sawa," anasema, kwa sauti ya mtu anayeuza mihogo. Nimemwomba anyamaze. Anarudia.