Kumchorea biharusi udi wa baba yake

Wengi mnatujua kwa hina na piko, lakini safari hii tumeshika brashi na rangi za maji. Na udi tunaousema hapa si ule wa kufukiza nguo za biharusi, ni ile ala ya nyuzi yenye tumbo la mviringo, inayopakatwa kwenye taarab asilia.

Biharusi mmoja alitujia na picha ya zamani ya marehemu baba yake amepakata udi. Hakuwa wa kikundi kikubwa kama Ikhwani Safaa, kile cha tangu 1905, alikuwa akipiga mtaani kwao tu. Alipougua, udi ukauzwa, pesa zikaishia kwenye matibabu. Binti anaolewa Pemba na alitaka achukue kitu kimoja cha baba.

Mama yake alisita. Nyumba ya kuswalia, picha ya ala ukutani? Hatukumbishia. Wanavyuoni wanaokataza ala za nyuzi ni wengi, na dufu la harusini ndilo lenye ruhusa iliyo wazi. Ila kuchora kitu kisicho na roho, mti au jahazi au chombo, ni jambo jengine. Tukakubaliana tuchore udi peke yake, bila ya baba, na usitundikwe upande wa kibla. Kwetu sisi hayo ni maneno ya haki.

Basi kazi yenyewe. Tafuta karatasi nene, nyembamba hujikunja ikipata maji. Piga mstari mmoja wima katikati, kwa penseli na mkono mwepesi. Kwenye udi wa kweli, nyuzi tangu mwisho wa shingo hadi daraja ni kama sentimita 60, na shingo ni kama 20 tu, yaani thuluthi moja. Shika hapo, shoga, maana shingo ikirefuka umeshachora gitaa.

Tumbo chora nusu moja, kisha nakili nusu ya pili kwa karatasi ya kuonyesha, kama tunavyolinganisha ua la hina viganja viwili. Chini liwe pana na la mviringo, juu lichongoke taratibu mpaka likutane na shingo bila ya kona. Kichwa cha udi kimevunjika kwenda nyuma, kwa hiyo ukiutazama kwa mbele kinaonekana kifupi, na vigingi vinatokeza kushoto na kulia.

Usoni mara nyingi kuna matundu matatu, moja kubwa na mawili madogo, yaliyozibwa kwa nakshi. Hapa ndipo mkono wa hina unapofaidi! Katika tundu kubwa tuliweka ua lile lile tutakalomchora biharusi mikononi.

Rangi anza na nyepesi. Uso wa udi ni mbao nyeupe-nyeupe, njano yenye maji mengi inatosha. Iache ikauke kabisa ndipo uongeze kahawia pembezoni, ili tumbo lionekane limejaa. Msimu wa masika hapa kwetu karatasi inaweza kukaa na unyevu muda mrefu, usiharakishe, rangi zitaingiliana. Ubao wa shingo ni mweusi. Nyuzi ziwe za mwisho, kwa rula na kalamu nyembamba: kwa kawaida ni 11, jozi 5 na mmoja mnene peke yake, zikiachana kidogo zaidi kwenye daraja kuliko juu.

Kwenye ile picha, chini ya tundu kubwa, mbao imechubuka pale mkono ulipokuwa ukipita miaka yote. Tulimuuliza biharusi tuiweke au tuufanye uso mpya. Alinyamaza kidogo, akasema iwekwe. Alama hiyo haifiki hata urefu wa kidole, lakini ilitula jioni nzima: kahawia hafifu, kitambaa, kahawia tena.

Ukimaliza, weka fremu yenye kioo, na kioo kisigusane na karatasi, hewa yetu ya bahari huleta ukungu. Tundika mbali na dirisha la jua, maana rangi za maji hupauka. Tuliifunga kwenye kanga mbili ili ivuke salama na boti.