Milimita Kumi na Mbili

Aghalabu neno "utafiti" likitajwa mbele yetu sisi watu wa kazi za kawaida, fikra hutukimbilia Sokoine kule Morogoro, au Mlimani, kwa wale waliosoma wakamaliza. Hatudhani kwamba mtafiti aweza kuwa baba mdogo aliyevaa kandambili, ameinua gilasi ya maji ya mvua hadi usawa wa jicho lake.

Baba yangu mdogo alikuwa hivyo. Aliishi Mkumbi, katika milima ya Umatengo wilayani Mbinga, akilima kahawa kwa ajili ya fedha, na mahindi na maharage katika ngoro kwa ajili ya chakula. Msomaji ambaye hajafika huko na aelewe kwamba ngoro ni mashimo ya Wamatengo: nyasi zilizofyekwa hulazwa mlimani kwa mistari inayokatana, kisha udongo hufukuliwa katikati na kuzifunika, mpaka mteremko mzima ufanane na sega la nyuki. Wanaume hufyeka; kuchimba, ambako ndiko kazi yenyewe, wameachiwa wanawake. Mvua ikipiga, kila shimo hushika maji yake na udongo haushuki bondeni.

Mahali peupe, mbali na migomba, palisimama kipimo cha mvua alichokabidhiwa na ofisi moja ya serikali: silinda ya chuma, juu yake faneli, ndani yake chupa. Kila siku saa 3 asubuhi aliyamimina maji ya chupa katika gilasi yenye mistari, akasoma, akaandika. Mwisho wa mwezi kadi ilipelekwa posta, na nakala ikabaki katika daftari. Hakulipwa hata senti. Tangu zama za ukoloni mvua ya nchi hii imekuwa ikipimwa kwa msaada wa watu wa namna hiyo, walimu, watu wa misheni na wakulima.

Nilikaa kwake nikiwa na umri wa miaka 10, na alipokuwa hayupo kazi hiyo ilikuwa yangu. Januari 1999 alimpeleka mgonjwa Hospitali ya Litembo. Usiku ule mvua ilinyesha kwa kishindo. Asubuhi ukungu ulikuwa umefunika hata mlango wa jikoni, nami nilikuwa nimejikunja kando ya moto. Sikutoka. Nilichukua kalamu nikaandika 12.0, kwa kuwa ilionekana namba ya heshima, si kubwa wala si ndogo.

Usiku uliofuata haikunyesha hata tone. Asubuhi nilikwenda kusoma kwa utii, nikakuta milimita 41. Nikaandika hiyo nayo.

Baba mdogo aliporudi alipitia shambani kwanza, ndipo akafungua daftari.

"Jana usiku mvua ilinyesha hapa?"

"Haikunyesha, baba."

"Basi hii 41 imeingiaje katika chupa?"

Hakunichapa, jambo ambalo lilinitisha zaidi. Alilifuta 12.0 kwa mstari mmoja, namba ikibaki inasomeka, akachora kistari mahali pake, na kando ya 41 akaandika "siku mbili". Kisha akanieleza kwa utaratibu. Sifuri maana yake nilikwenda, nikatazama, sikukuta kitu. Kistari maana yake sikwenda. Alisema kistari si aibu, kwa maana anayekisoma atajua la kufanya. Lakini namba ya kubuni haimwambii mtu kwamba ni ya kubuni.

Baadaye, nilipokwisha kusoma hesabu, nilijua ukubwa wa kosa lenyewe. Milimita moja ya mvua ni lita moja ya maji katika kila mita moja ya mraba. Ekari moja ina mita za mraba zipatazo 4,047. Kwa kalamu yangu, kando ya moto, nilikuwa nimemwaga lita zaidi ya 48,000 katika kila ekari bila kuinuka.

Pengine unajiuliza, haya yanamhusu nini mfanyakazi wa kiwandani na familia yake mjini? Yanamhusu, kwa sababu kazi hii haidai gharama. Tafuta kopo lenye kitako bapa na pande zilizonyooka, lisimamishe wima mahali pa wazi, ulipe nyumba na miti umbali usiopungua mara mbili ya urefu wake. Asubuhi, saa ile ile kila siku, chovya rula, soma milimita kuanzia sifuri yake, andika, mwaga. Kwa viwanja vyetu vya Dar es Salaam umbali huo ni taabu. Uwanja wa shule utafaa zaidi, na watoto watapata la kufanya. Kopo lako halitachukua nafasi ya vipimo vya Mamlaka ya Hali ya Hewa, lakini mvua ya Mbagala yaweza kabisa isifike Mwenge, na aliyeiandika ni wewe.

Asiyependa mvua na atazame ndege. Atlasi ya Ndege wa Tanzania, iliyoanzishwa na Neil na Liz Baker katika miaka ya 1980, imejengwa kwa taarifa za watu waliojitolea kuandika ni ndege gani wameonekana, wapi na mwezi gani. Na mkulima wa kahawa anayeandika tarehe aliyoona chulebuni kwa mara ya kwanza shambani mwake ana jambo la kuwapelekea watafiti wa kahawa walioko Ugano, huko huko Mbinga.

Kuna na kazi ya wale wasiotoka nje kabisa. Mwaka 2020, watu walipofungiwa majumbani kwa sababu ya korona, Chuo Kikuu cha Reading nchini Uingereza kiliomba msaada wa kunakili kumbukumbu za mvua zilizoandikwa kwa mkono. Walijitokeza zaidi ya watu 16,000, wakamaliza karatasi zipatazo 65,000 katika siku chache.

Nami ninanakili, peke yangu. Madaftari ya baba mdogo yaliletwa kwangu katika sanduku la bati, kingo zimeliwa na panya, na jioni baada ya kazi binti yangu hunisomea namba nami ninaandika. Juma lililopita tulifika Novemba 1998. Nilimwomba asubiri.

Ile 12.0 ya Januari baba mdogo aliigundua. Lakini Novemba, mvua za kwanza zilipoanza, alikuwa na homa, na mara mbili nilibuni namba kwa namna ile ile. Hakuzigundua. Kadi ilikwisha kupelekwa posta, nami sikusema, na sasa hayupo wa kuambiwa.

Nimeshika kalamu ili nichore vistari viwili. Ukurasa una siku 30, zote kwa mwandiko wangu, na sikumbuki ni zipi.