Sikio Lililofundwa Nyumbani

Nimekula vumbi la chaki miaka mingi hapa Songea, nikifundisha Kiswahili na Kiingereza, na kazi hiyo imenifikisha kwenye imani moja: lugha ya kigeni ikifundishwa vizuri humrudisha mwanafunzi kwenye lugha zake mwenyewe. Ndiyo maana Kichina shuleni sikipimi kwa taa nyekundu za karatasi, vijiti vya kulia na michezo ya kung-fu inayopamba sherehe. Taasisi za Confucius, vituo vya China vya kufundishia lugha yake, zilifunguliwa katika vyuo vikuu vya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2013, kisha somo likaingia sekondari kwa hiari. Swali langu ni la mwalimu: somo hilo linamwachia nini mtoto wa Bombambili au Mfaranyaki hapa Songea ambaye huenda asifike Beijing maisha yake yote?

Tuanze na sikio. Silabi “ma” ikitamkwa kwa sauti ya juu iliyonyooka ni mama. Ikipanda ni katani. Ikizama kisha ikainuka ni farasi. Ikiporomoka ni kukaripia. Kiswahili hakina toni za namna hiyo. Shadda yake hukaa silabi ya pili kutoka mwisho na safari inaendelea. Mtu angedhani basi darasa zima linaanza na sifuri. Lakini Kingoni, Kimatengo na Kiyao vina toni. Hazifanyi kazi kama za Kichina, ambako karibu kila silabi hubeba yake, ila mtoto aliyelelewa nazo amezoea kusikiliza sauti inavyopanda na kushuka. Vilugha hivyo ndivyo sisi walimu tulivyovipiga marufuku shuleni tukiamini vinaharibu Kiswahili. Sarufi nayo ina somo lake. Kichina hakina upatanisho wa ngeli, lakini hesabu ya vitu hudai neno la katikati: vitabu vina “ben”, na barabara, mto na samaki, kwa urefu wao, vina “tiao”. Mwanafunzi aliyekariri KI-VI kama jedwali la mtihani hugundua kwamba hata wengine huvipanga vitu kwa makundi, na ngeli zinaacha kuwa adhabu.

Wapo watakaosema watoto hawaendi shule kutafuta falsafa, wanatafuta ajira. Hoja ni ya kweli, ila ajira haina ratiba ya shule. Mkataba wa chuma cha Liganga na makaa ya Mchuchuma, jirani zetu wa Ludewa, ulitiwa saini na kampuni ya Sichuan Hongda mwaka 2011, na zaidi ya miaka 10 ilipita bila tanuri kuwaka. Anayemwahidi mtoto kazi kwa kigezo cha lugha anauza mbuzi kwenye gunia. Sikio lililonolewa halisubiri mwekezaji. Wengine husema tumalize kwanza udhaifu wa Kiingereza. Lakini udhaifu huo umetokana kwa sehemu na kufundisha lugha bila kuilinganisha na ile mtoto anayoijua. Kosa lilelile tukilipeleka kwenye Kichina, tutavuna matokeo yaleyale.

Pingamizi zito zaidi ni la ukoloni mpya: mwenye kuleta walimu na vitabu huleta na macho ya kutazamia dunia. Silipuuzi, na Sweden ilizifunga Taasisi zote za Confucius nchini mwake. Hata hivyo historia ya hapa inanipunguzia hofu. Wangoni waliingia kutoka kusini katika karne ya 19 wakiwa watawala, lakini Kingoni cha leo kimechukua mengi kutoka lugha za waliowakuta. Wabenediktini wa Kijerumani waliofika Peramiho mwaka 1898 walijenga kiwanda cha uchapaji kilichotoa vitabu vya Kiswahili. Nguvu pekee haikutosha kuiweka lugha mahali. Ilihitaji watu wa mahali hapo waikubali na kuigeuza yao.

Kwa hiyo ulinzi wetu ni kuwa na mtaala wetu, mtihani wetu na mwalimu Mtanzania aliyesomea Kichina hadi akakimudu, tena anayekaa meza moja na mwalimu wa Kiswahili kuandaa somo. Taa na vijiti vibaki siku ya sherehe. Jumatatu asubuhi, kabla ya toni ya kwanza kuandikwa ubaoni, wanafunzi waulizwe nyumbani kwao wanazungumza nini.